Kadi Arobaini za Jovelyn

Kila siku ya shule, Jovelyn Salcedo alikuwa wa kwanza kuamka. Alitoka chumbani kwa kunyata asimwamshe mama yake, akapita sebuleni, akaingia jikoni kubandika wali. Sebuleni alilala Anko Nesto, mume wa mama yake. Anko Nesto alikuwa mrefu kuliko sofa, kwa hiyo miguu yake ilining'inia nje, imevishwa soksi jozi mbili. Saa kumi na mbili na nusu kengele ya kuamsha ya simu yake ililia juu ya televisheni. Alinyosha mikono, akashika kiuno na kusema maneno yaleyale ya kila siku: "Mpishi mkuu, leo kuna nini?"

"Wali, mayai na samaki mkavu," Jovelyn alijibu.

"Basi leo ni sikukuu."

Wote watatu walikula wakitazama mvua ya Kodiak, kisiwa cha Alaska, ikipiga dirisha. Kisha Anko Nesto na Mama walikwenda kiwandani kufungasha samaki, na Jovelyn alikwenda shule.

Jovelyn alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Yeye na mama yake, Merlinda, walifika kutoka Iloilo, Ufilipino, Januari ya mwaka uliopita, na mwezi uliofuata Mama akafunga ndoa na Nesto. Nesto naye asili yake ilikuwa Iloilo, ila alikuwa raia wa Marekani tangu ujana wake. Nyumba yake ilikuwa na chumba kimoja tu cha kulala. Wiki ile ya kwanza, Jovelyn aliogopa giza lililodumu saa kumi na saba kila siku na upepo uliotikisa mabati, akalia hadi sauti ikamkauka. Anko Nesto alichukua mto wake bila kuombwa. "Alale na wewe," alimwambia Mama. "Mimi nitakaa sofani mpaka azoee."

Tangu siku hiyo mwaka ulikuwa umepita, na miezi juu yake. Sasa nikwambie jambo ambalo Jovelyn hakumwambia mtu. Alikuwa amekwisha kuzoea tangu kiangazi. Giza halikumtisha tena, na upepo aliusikia kama jirani mwenye kelele. Lakini kulala ubavuni mwa mama ni raha, na hakuna aliyemuuliza. Basi alinyamaza.

Mwezi Februari barua ilifika. Mama na Jovelyn walitakiwa mjini Anchorage tarehe kumi na nne Machi, pamoja na Nesto, kwa mahojiano ya ukaazi wa kudumu. Afisa angewahoji ili ajiridhishe kwamba ndoa ni ya kweli, si ya kutafutia karatasi. Akiridhika, wangebaki. Asiporidhika, Mama na Jovelyn wangeweza kuamriwa kurudi Iloilo, na Nesto angebaki peke yake na sofa lake.

Jumapili baada ya misa, Anti Luz aliyefanya kazi meza moja na Mama aliwakalisha chini kwa bakuli la tambi. Anti Luz alijua habari za kila nyumba, hata zile ambazo wenye nyumba hawakuwa nazo.

"Mtaulizwa habari za kitanda," alisema. "Nani analala upande gani. Na nyinyi mtasemaje? Mume yuko sebuleni kama mgeni? Mtarudishwa kabla samaki hajaganda."

"Lakini kuna sababu," alisema Mama.

"Sababu mtaieleza mkiwa uwanja wa ndege. Sema kushoto, yeye aseme kulia, kwisha."

Maneno hayo yalimwingia Jovelyn kama mwiba. Ikiwa mama yake angerudishwa kwa sababu ya kitanda, wa kulaumiwa alikuwa yeye. Lakini badala ya kusema alichokijua, aliamua kupigana kwa njia yake. Siku hiyohiyo alikata kadi arobaini, akaandika swali upande mmoja na jibu upande wa pili. Walikutana wapi? Alimpa nini siku ya kwanza? Nani hupika Jumamosi? Kadi ya ishirini na saba ilikuwa ya kitanda. Mama, kushoto. Anko Nesto, kulia.

Kila jioni baada ya chakula, Jovelyn alisimama mbele yao kama mwalimu mkali.

"Mama, kadi ya kumi na mbili."

"Tulikutana kwenye harusi ya binamu yake, tarehe tisa Mei, mvua ilikuwa ikinyesha."

"Anko?"

"Kwenye harusi. Nilikuwa nimekula sana, sikumbuki mvua."

"Sema kama ilivyoandikwa, Anko."

Anko Nesto alicheka, akarudia kama ilivyoandikwa. Lakini ilipofika kadi ya ishirini na saba, hakucheka. "Hii mbona si kweli?" alisema. "Tuseme tu ilivyo."

"Nesto, tafadhali," alisema Mama. "Sitaki kujaribu bahati yangu kwa ajili ya kitanda. Sema kulia."

Nesto alimtazama mkewe. "Kulia," alisema kwa sauti ya chini.

Siku ya mahojiano walipanda ndege ya asubuhi. Mama alivaa gauni la bluu alilolitunza kwa ajili ya Pasaka. Anko Nesto alibeba faili lenye picha, mkataba wa nyumba na cheti cha ndoa. Jovelyn alibeba kadi zake mfukoni, na njia nzima aliwapima wazazi wake, wasikose hata moja. Alikuwa amekata shauri kwamba hawatashindwa.

Afisa Kessler alikuwa mzee mwembamba, mpole wa sauti na mwenye macho yasiyo na haraka. Aliwasimamisha wote watatu, wakainua mkono wa kulia na kuapa kusema kweli. Jovelyn naye aliapa. Kadi ya ishirini na saba ilikuwa mfukoni mwake.

"Mlikutana wapi?" aliuliza afisa.

"Kwenye harusi ya binamu yake, tarehe tisa Mei, mvua ilikuwa ikinyesha," Mama alijibu kabla swali halijatua.

"Nawe, bwana?"

"Kwenye harusi ya binamu yangu, tarehe tisa Mei, mvua ilikuwa ikinyesha."

Afisa aliandika. Aliuliza la pili na la tatu, na majibu yakatoka yamenyooka, neno kwa neno. Jovelyn alitegemea afisa afurahi, lakini kila jibu lilipotoka, uso wa mzee yule ulizidi kukunjamana.

"Nani analala upande gani wa kitanda?"

"Mimi kushoto," alisema Mama.

Nesto alikohoa. "Kulia," alisema, akitazama sakafu.

"Na saa ya kuwaamsha iko wapi?"

Swali hilo halikuwa na kadi. "Kwenye meza ndogo, upande wangu," alisema Mama.

"Juu ya televisheni," alisema Nesto wakati uleule.

"Televisheni iko chumbani?"

Afisa Kessler aliweka kalamu chini. "Nadhani nitawahoji mmoja mmoja," alisema. "Na nitaandika kwamba majibu yamekaririwa."

Mama alipauka. Jovelyn aliona mkono wake ukitafuta mkono wa Nesto chini ya meza. Moyoni mwa Jovelyn kulikuwa na sauti iliyomwambia anyamaze, watu wazima watajua la kufanya. Tangu kiangazi alikuwa ameisikiliza sauti hiyo. Alisimama.

"Samahani, bwana. Majibu hayo niliyaandika mimi." Alitoa kadi mfukoni, akaziweka mezani. "Mengine yote ni kweli. La kitanda ni uongo. Anko analala sofani."

"Jovelyn," alinong'ona Mama.

"Analala sofani kwa sababu yangu. Nilipokuja niliogopa giza, akanipa nafasi yake mpaka nizoee." Alimgeukia Anko Nesto. "Na nimezoea tangu kiangazi. Nilinyamaza tu. Sikutaka kutoka."

Afisa alizipitia kadi taratibu, akaitoa ya ishirini na saba na kuisoma pande zote mbili. "Bibi, haya anayosema binti ni kweli?"

"Ni kweli," alisema Mama, na machozi yakamtoka. "Nimedanganya. Yeye ni mtoto, mimi ndiye niliyeapa nikiwa na akili zangu. Naomba nisahihishe."

"Na mimi pia," alisema Nesto.

Jovelyn aliambiwa asubiri nje. Kwa dakika arobaini alihesabu vigae vya sakafu, huku akijiona amewafukuzisha wote kwa mdomo wake. Mama aliingia peke yake, kisha Nesto peke yake, halafu wote watatu waliitwa.

"Nimewauliza mambo yasiyo na kadi," alisema afisa. "Mumeo hukasirishwa na nini, mkeo huogopa nini. Bwana ameniambia mkewe hakubali sufuria ya wali ioshwe kabla ya kulowekwa. Bibi ameniambia mumewe aliiosha hivyo juzi, wakanuniana mpaka asubuhi. Hakuna aliyekumbuka tarehe hata moja, lakini walikuwa wakizungumzia nyumba moja." Alifunga faili. "Watu wengi hulala mbali. Wapo wa zamu za usiku, wapo wanaokoroma. Hilo si kosa. Kudanganya chini ya kiapo ndilo kosa, na kama mngeniacha nifunge faili nikiwa na jibu lile, nisingeweza kuwasaidia. Mmelisahihisha wenyewe kabla sijafunga, nami nimeandika hivyo. Ombi la mama na la binti nimelikubali. Ukaazi huu ni wa miaka miwili kwanza, halafu mtaleta ushahidi tena."

Mama aliinama akalia waziwazi. Nesto alimshukuru afisa mara tatu.

Kwenye uwanja wa ndege ukungu ulikuwa umefunga njia ya Kodiak, wakakaa kusubiri na vikombe vya supu. Jovelyn hakuweza kula.

"Anko, nisamehe kwa sofa."

"Nilijua," alisema Nesto.

Jovelyn alimkodolea macho.

"Agosti ulilala kwa rafiki yako siku tatu, mama yake akasema hukustuka hata mara moja. Mtu anayeogopa giza halali fofofo nyumba ya watu."

"Mbona hukuniambia nitoke?"

"Ningekutoa, ungetoka kama aliyefukuzwa. Nilitaka uniambie mwenyewe. Sikujua tu kwamba utachagua kuniambia mbele ya serikali."

Mama alicheka huku macho yake yakiwa bado mekundu. Kisha alimshika binti yake begani.

"Sikiliza, mwanangu. Umefanya kosa, nami nimefanya kubwa zaidi, kwa sababu Nesto alituonya nikamnyamazisha. Njia ya mwongo ni fupi. Tuliitembea wiki tatu, tukaishia kwenye televisheni. Kadi zako thelathini na tisa zilikuwa kweli, lakini ile moja ilizifanya zote zionekane uongo. Ukiwa na la kweli, liseme mapema, hata kama litakupunguzia raha. Leo ulilisema ukiwa na hofu, na ndilo lililotuokoa."

"Nimesikia, Mama," alisema Jovelyn. Aliuvuta mkoba wake magotini. "Tukifika, nahamia sofani. Mimi ni mfupi, linanitosha."

Nesto alilikubali hilo kwa heshima zote, kama mtu anayetia sahihi mkataba. "Ila nikuonye," alisema. "Springi ya katikati inachoma."

"Nitazoea," alisema Jovelyn, "na safari hii nikizoea nitasema."