Utepe Ulioandikwa "Watu"

Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalimpata dada yangu, wa tumbo moja, na mimi nilikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi ni mwalimu wa hisabati. Watu wa kazi yangu hatusifiki kwa kuota ndoto, kwa hiyo usinicheke hadi nimalize.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu ya kawaida. Baada ya vipindi nilipita studio kwa shemeji yangu, mume wa dada, maana kwake kulikuwa na feni na kwangu hakuna. Studio ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la rangi: kimoja cha kuimbia, kuta zimefunikwa magodoro makuukuu, na kingine cha mitambo. Shemeji alikuwa fundi mitambo. Dada alikuwa mwimbaji wa bendi ya roki, muziki ambao mimi, Mungu anisamehe, niliuita kelele za mabati. Nilimkuta shemeji ameinamia meza, kichwa mikononi.

Albamu yao ya kwanza waliirekodi humo humo kwa miezi mitano. Kila ala peke yake, kila ubeti mara thelathini, hadi lisibaki kosa hata la dawa. Ikatoka safi, na ikatoka imekufa. Dada mwenyewe alisema akiisikiliza anajiona kama maiti iliyooshwa vizuri. Lakini nyimbo zilezile, ukiiweka bendi ileile jukwaani, hata mimi wa kelele za mabati nilijikuta nimesimama juu ya kiti. Nilimwuliza shemeji sababu. Akanieleza kwamba studio mtu anaimbia godoro, jukwaani anaimbia watu, na watu wanamvuta. Dramu inakwenda mbio kidogo, mwimbaji anapungukiwa pumzi, gitaa linalia pasipotakiwa, na makosa hayo ndiyo uhai wenyewe.

Kwa hiyo albamu ya pili wakaamua iwe ya laivu, irekodiwe jukwaani mbele ya watu. Jumamosi iliyotangulia, alasiri, ukumbi ulijaa pomoni, na dada aliimba hadi walinzi wa mlangoni wakasahau mlango. Alikuwa ameniambia kwamba hii ndiyo mara ya mwisho kujaribu. Ikishindikana atarudi kwenye cherehani kushona sare za shule, na asitake kusikia habari ya muziki tena. Nilimjua dada. Kuacha kuimba kwake kungekuwa sawa na kuacha kula.

Sasa Jumatatu hiyo shemeji akaniwashia rekodi nisikie mwenyewe. Wimbo wa kwanza ulikuwa moto. Ukaisha, na baada yake hakukuwa na kitu. Maiki mbili alizotundika darini kwa ajili ya kunasa sauti za watu hakuwa amezichomeka. Watu mia sita, na hasikiki hata mmoja akikohoa. Bila wale watu albamu ilirudi kuwa maiti, tofauti ni kwamba hii haikuoshwa.

Studio ile shemeji aliirithi kwa fundi mzee aliyestaafu, pamoja na kabati zima la tepe za zamani. Alilipekua hadi akapata boksi lililoandikwa neno moja kwa penseli: Watu. Ndani mlikuwa na utepe mmoja wenye makofi, mbinja na vifijo vya umati mkubwa. Akasema mafundi wote huazima makofi, kama jirani anavyoazima chumvi, na hakuna mlaji anayeuliza chumvi imetoka wapi. Nilikubaliana naye.

Alikusudia kuukata vipande vipande, kila kipande akipachike mwisho wa wimbo. Akauwasha kwanza pamoja na nyimbo ili aone pa kukata. Hakukata popote. Wimbo ulipoisha, makofi yalipanda. Wimbo ulipoanza, yalishuka. Dada alipovuta pumzi kabla ya kiitikio, wale watu nao walivuta. Ikawa hivyo hadi wimbo wa nane. Shemeji alikuwa anacheka mwanzoni. Kufikia wimbo wa nne alikuwa ameacha.

"Usimwambie dada yako," akaninong'oneza.

Sikumwambia. Nimelijutia hilo kuliko jambo lolote nililowahi kufanya.

Albamu ilipotoka, watu walipagawa. Kinyozi aliipiga, dobi aliipiga, wanafunzi wangu waliiimba nyuma ya mgongo wangu nikiandika ubaoni. Kila mmoja alisema maneno yaleyale: ile ya studio ni muziki, hii ya laivu ni mtu. Dada alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo. Alimbeba binti yake wa miaka minne, tuliyemwita Tone kwa udogo wake, akamzungusha sebuleni hadi kikombe kikaanguka.

Wiki ya tatu nilikuwa nasahihisha mitihani huku albamu inacheza. Wimbo wa tatu ulikuwa na kiitikio kinachorudi mara nne. Nikakisikia mara tatu, kisha makofi. Nikadhani nimesinzia. Nikarudisha. Mara tatu.

Nilichukua saa ninayotumia kupima mbio za wanafunzi. Siku hiyo dada alinyamaza kwenye dakika ya nne na sekunde arobaini. Siku tatu baadaye alinyamaza kwenye dakika ya nne na sekunde kumi na mbili. Urefu wa wimbo mzima haukubadilika hata kidogo. Makofi yalikuwa yanaula kutoka mkiani.

Nilimwuliza muuza rangi, aliyekuwa akiupiga wimbo huo dukani kutwa nzima. Akasema hajasikia upungufu wowote, kwanza kila siku unazidi kunoga. Shemeji peke yake ndiye aliyesikia kama mimi. Alikuwa amesikia kabla yangu, akanyamaza akiomba iwe ni masikio yake.

Na dada alianza kupungua. Kwanza alipoteza zile sauti za juu. Wenzake wakamwambia apumzike. Kisha akawa hamalizi sentensi. Anaanza vizuri, halafu maneno ya mwisho yanakosa upepo. Daktari alimmulika kooni akasema ni safi kabisa, hajaona koo zuri kama lile mwaka mzima. Siku moja nilimkuta mlangoni anamwita Tone aje aoge. Mdomo ulifunguka. Shingo ilikaza. Hakikutoka kitu. Alinitazama akatabasamu kwa aibu, kama mtu aliyesahau jina la mgeni, kisha akaenda kumshika mtoto mkono.

Mimi na shemeji tukaenda kwa fundi mzee. Aliishi ghorofa ya tatu, chumba kisicho na redio wala televisheni, na masikioni alikuwa na pamba. Alizitoa alipotuona tunasema naye. Tulipotaja boksi la penseli, alikaa.

Alitueleza kwa mkato. Fundi mzuri, kabla watu hawajaingia, hurekodi ukumbi mtupu dakika chache ili ajue kuta zinavyovuma. Ndivyo alivyofanya siku moja zamani. Aliwasha mtambo, akafunga mlango kwa ufunguo, akaenda kunywa chai. Aliporudi na kusikiliza, akayakuta makofi yale, na ukumbini hakukuwa na mtu. Hakuthubutu kuutumia. Hakuthubutu pia kuutupa, kwa sababu hakujua ukitupwa utakwenda wapi.

"Anayeimba humo ni nani?" akauliza.

"Dada yangu."

"Basi watu wasimsikilize."

Nikamwambia anasikilizwa na mji mzima. Mzee hakusema pole. Alichukua pamba zake, akazirudisha masikioni moja baada ya nyingine, nasi tukajua mazungumzo yamekwisha.

Shemeji aliukatakata ule utepe kwa mkasi na kuuchoma uani. Haukusaidia kitu, nakala zilishakuwa maelfu, tena mikononi mwa watu wanaoipenda. Alizunguka madukani akiomba ziondolewe. Wauzaji walicheka, wakasema hii ni mbinu mpya ya kujitangaza, na jioni hiyohiyo habari zikaenea kwamba mume wa mwimbaji anaificha albamu. Kesho yake kila mtu aliitaka. Unawezaje kuwaambia watu kwamba wanaua kwa kusifu? Mimi niliwaambia darasani, wanafunzi arobaini na watatu. Walitulia kwa adabu. Nilipotoka nikawasikia wanaimba.

Dada hatukumficha tena. Shemeji alimweleza yote akiwa amepiga magoti. Dada aliandika kwenye daftari: Kwa hiyo wananipenda kweli. Sijui kama ulikuwa utani. Dada alikuwa mtu wa utani. Halafu akaandika tena, akanisukumia mimi: Tone asije akanisahau sauti.

Kufikia hapo, katika nyimbo zote nane, yalikuwa yamebaki kama maneno ishirini.

Jumapili moja redio ikatangaza kwamba saa kumi alasiri itaipiga albamu yote bila kukatiza, kwa kuwa wasikilizaji wameichagua kuwa bora ya mwaka. Nilipiga simu tangu saa nane. Laini ilipokewa saa kumi kasoro dakika mbili. Nikasema mimi ni mdogo wake, nakuomba usiipige, dada yangu atakufa. Kisha nikasikia sauti yangu inatoka kwenye redio ya jirani, na ya mtangazaji ikafuata.

"Wasikilizaji, mdogo wake mwenyewe yuko laini ya pili. Anasema dada atakufa kwa furaha."

Nikarudi chumbani kwa dada mbio. Dada alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda anakunja soksi za Tone. Shemeji alikuwa amefunga madirisha yote na kuziba nyufa kwa taulo. Ilikuwa kazi bure. Mtaa mzima ulikuwa umefungulia. Redio ya juu. Redio ya chini. Redio ya duka la rangi, ng'ambo ya barabara. Makofi yalikuja kupitia sakafu.

Alisikiliza huku anakunja. Neno moja likatoka, makofi. Neno jingine, makofi. Wimbo wa tano haukuwa na neno hata moja. Nikamshika mkono. Ulikuwa na joto. Wimbo wa sita. Kifua chake kilikuwa kinapanda nusu tu. Nilikuwa nahesabu, kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya. Wimbo wa saba. Wimbo wa nane ulianza kwa pumzi yake, ile aliyovuta Jumamosi ile kabla ya kuanza kuimba. Niliisikia redioni. Pale kitandani sikuisikia tena.

Makofi yaliendelea dakika tano na sekunde tisa. Tulikaa hapo na soksi moja mkononi mwake hadi yakaisha.

Tulimzika Jumanne. Watu walikuwa wengi mno, na walilia kweli, siwezi kuwasingizia. Shemeji aliifunga studio. Mimi nilihamia kwao ili nimsaidie mtoto, na nyumba yetu ikawa haina muziki wowote. Bado majirani walikuwa wanaipiga. Wao walisikia nyimbo. Sisi wawili tulisikia umati ukishangilia kwa dakika arobaini na moja, hakuna anayeimba, hakuna hata gitaa.

Wiki sita baadaye, saa tano asubuhi, nilikuwa namsuka Tone nywele dirishani, vibaya kama kawaida yangu, naye ananikejeli. Ng'ambo ya barabara muuza rangi alifungulia redio yake. Makofi yakaanza. Nikanyoosha mkono nifunge dirisha.

Tone akanishika mkono. "Mjomba, ngoja."

Aliinamisha kichwa kusikiliza. Nami nikasikiliza. Kati ya mbinja na vifijo, mbali, nyuma kabisa ya umati, mwanamke alikuwa anaita. Anaita jina moja. Anaita kama mtu anayemwita mtoto aje aoge.

Nilitaka kumziba masikio. Naapa nilitaka. Lakini ilikuwa ni sauti yake, nzima, haikupungua kitu, na mimi nilikuwa nimeikosa wiki sita. Nikachelewa.

"Abee, mama," akasema Tone.

Makofi yakakatika. Maelfu ya watu wale walinyamaza kwa pamoja, kama watu wanavyonyamaza mwimbaji anapokaribia maiki. Nilihesabu sekunde nne. Kisha wakapiga makofi kuliko nilivyowahi kuwasikia.

Nilifunga dirisha nikamfunika mtoto kwa khanga ya mama yake, nikakaa naye chini ya meza kama mjinga hadi shemeji aliporudi. Hatukujua la kufanya. Mpaka leo hatujui.

Kesho yake muuza rangi alinisimamisha nikienda kazini. Alitaka kuniuliza jambo kuhusu wimbo wa mwisho. Alisema jana ameusikia vizuri kwa mara ya kwanza, akaenda kuulinganisha na nakala ya kinyozi na ya dobi, na zote ni hivyohivyo: pale katikati, watu wakitulia, kuna mtoto anaitika. Hakumbuki kumsikia zamani. Akaniuliza ni mtoto wa nani.

Akasema basi yeyote awaye ana sauti nzuri sana, na kwamba tangu jana ameshaurudia wimbo huo mara sita.