Eda ya Miezi Mitatu

"Mahamri yameungua."

Simu ikakatika.

Zakiya aliirudisha kikapuni, chini ya leso, karibu na Glock 19. Aliyepiga ni Bwana Chengo, mkuu wake wa kazi, mtu asiyepoteza maneno. Na maana ya hayo mawili aliyosema ilikuwa moja: adui yumo ndani ya meli.

Meli ya watalii ilikuwa imeshafunga gati Kilindini. Jua lilishapanda. Wageni wamejazana sitahani kuzipiga picha feri za Likoni, muziki unalia, watoto wanarukia kidimbwi. Zakiya hakuona raha yoyote ndani yake. Tangu Durban alikuwa akilingojea neno hili, na sasa limekuja.

Kazi yake ilikuwa kulinda kompyuta ya mkononi.

ThinkPad nyeusi, kuukuu, pembe moja imechubuka. Ungeiona ungesema ni ya kuuzwa Mwembe Tayari juu ya gunia. Lakini ndani yake ulikuwamo ufunguo wa mashine ya bandarini, ile inayochungulia matumbo ya makontena. Mwenye ufunguo huo akiiambia mashine ione vigae, itaona vigae, hata kama ndani ni baruti.

Mwaka juzi mashine ilidanganywa hivyo. Afisa mmoja wa forodha, Kahindi, alisema wazi kwamba hivi si vigae. Kabla hajaitwa kutoa ushahidi, lori lilimkanyaga Makupa, mchana, mbele za watu. Lori halikupatikana. Dereva hakupatikana.

Kahindi alikuwa mume wa Zakiya.

Sasa kontena jingine la watu walewale limo bandarini, na Chengo hajui ni lipi. Ufunguo ukifika salama, mashine itatengenezwa na kontena litajulikana. Ukiibiwa, kontena litatoka. Na kesi ya Kahindi itakuwa imezikwa pamoja naye.

Zakiya alishuka ngazi za kabini. Hakukimbia. Anayekimbia hutazamwa.

Mwenye kompyuta alikuwa Khubaib, mhandisi kijana aliyetumwa Durban kuutengeneza ufunguo upya. Walirudi kwa meli ya anasa kwa kuwa viwanja vya ndege vilikuwa na macho ya wenye magendo. Kwa watu, hao walikuwa ndugu wa kunyonya ziwa moja. Siku ya kwanza tu Zakiya alimpa masharti. Kompyuta isiachwe juu ya kiti cha jua, hata dakika moja. Kasha la chuma la kabini lisiaminiwe, maana wahudumu wana namba yao ya kulifungua. Na chaja isilale pamoja na kompyuta. Chaja itakaa kikapuni kwa Zakiya.

"Na chooni niende nayo, dada?" Khubaib alicheka.

"Chooni ndiko hasa."

Alifungua mlango wa kabini. Khubaib alikuwa amekaa kitandani, anachana nywele, paspoti iko mapajani.

Mikono yake mitupu.

"Kompyuta iko wapi?"

"Usinitolee mato hayo, dada. Iko salama kuliko benki." Alitabasamu. "Walituita ukumbini kugonga paspoti. Watu mia mbili, kusukumana. Niende nayo, nitaibiwa. Niiache hapa, wewe mwenyewe wasema kasha haliaminiki. Basi nimempa Bi Swafia anishikie."

Bi Swafia. Jirani wa kabini ya pili. Mjane wa Kimombasa aliyefiwa na mume huko Durban, anarudi nyumbani kukaa eda. Safari nzima alikuwa amejifungia, nikabu usoni, chakula anaachiwa mlangoni. Zakiya alikwenda kumpa mkono wa pole siku ya pili. Hakumchungua. Nani amchungue mwanamke aliye edani?

"Alisema mwenyewe," Khubaib aliendelea. "'Mwanangu, iweke kwangu, hapa haingii mwanamume.' Na kweli, dada. Mwizi gani ataingia kwa mwenye eda?"

Zakiya alitazama ukuta wa kabini ya pili. Mahali pema. Mahali ambapo hata yeye angepachagua.

"Yule mama mwema sana," Khubaib alisema. "Kila jioni nilikuwa nikisimama mlangoni pake, nafungua kompyuta, namwekea Yasini ya marehemu. Analia. Mpaka namhurumia. Miezi mitatu kukaa ndani si mchezo."

"Miezi mingapi?"

"Mitatu. Alisema anakwenda kukaa miezi yake mitatu kwa mamake, Mji wa Kale."

Zakiya alifunga macho kidogo.

"Khubaib. Miezi mitatu ni ya mwanamke aliyeachwa. Aliyefiwa ni minne na siku kumi."

Chanuo lilianguka.

Mjane wa kweli halikosei hilo. Huzihesabu kwa mwezi unaoandama, mmoja mmoja. Bi Swafia alikuwa amejifunza eda mahali, haraka, akajifunza isiyo yake. Na kila jioni, Yasini ikisomwa, alikuwa akitazama vidole vya Khubaib vikiandika neno la siri.

Kabini ya pili haikufungwa kwa ufunguo. Ndani hamna mtu. Kitanda kimetandikwa. Hewa yote imejaa manukato.

Zakiya alibonyeza kidude cha sikioni, akajitaja kwa jina lake la kazi.

"Sindano hapa. Mzigo umeibiwa. Mwanamke, buibui jeusi, nikabu. Ameshuka."

Sauti ya Chengo ikaja, nzito.

"Niko Makupa. Malori yamepanga foleni mpaka sioni mwisho. Akifungua kitu hicho, moja litapita mbele yangu nami nitalipungia mkono."

"Nakwenda."

"Zakiya."

"Bwana."

"Hatutapata nafasi nyingine."

Alimtazama Khubaib. Uso ulikuwa umemwiva. "Chaji imebaki kiasi gani?"

"Hakuna. Jana nilitazama mpira mpaka ikazima."

Kwa mara ya kwanza Zakiya alimshukuru Mungu kwa mpira.

Teksi iliwashusha Ngome ya Yesu. Zakiya alishika Samsung yake kiganjani. Kwenye bitana ya mkoba wa kompyuta alikuwa ameshona kidude cha kufuatia, kidogo kama kifungo cha koti, na nukta yake ya buluu ilikuwa ikitembea ndani ya Mji wa Kale. Wakaifuata. Vichochoro vikawabana. Milango ya nakshi imefungwa, baraza tupu, paka wamelala kivulini. Wanawake wawili wa buibui wakapita. Kisha watatu. Kisha mmoja peke yake, na Zakiya akaingiza mkono kikapuni, lakini mwanamke alikuwa na mtoto mgongoni.

Kila kona, jeusi. Yeyote kati yao.

Nukta ikasimama.

Ilikuwa imesimama juu ya muuza kahawa. Alikaa kwenye kibao chake kidogo, dele mbele yake, na mkoba wa kompyuta umetundikwa begani kama mali yake ya urithi.

"Asalaam aleikum, mzee wangu. Huo mkoba umeupata wapi?"

"Waaleikum salaam. Kwani wako?" Aliukumbatia. "Mimi nimepawa. Mwanamke wa watu, mjane, kanambia shika, sadaka ya marehemu. Nikamwombea."

Khubaib alipekua. Mtupu.

"Alikwenda wapi?"

"We kijana mbona wanivuta? Aliuliza fundi wa kompyuta. Ataka chaja, mdomo wake bapa. Nikamwambia mwenye madude hayo ni Jaffar tu, Mlango wa Papa. Lakini na Jaffar naye, kwa maneno yake, akishakuanza hutoki."

Zakiya alishika njia. Aliivuta nikabu ya buibui lake ikafunika uso mpaka chini ya macho.

"Kaa nyuma yangu," alimwambia Khubaib. "Mbali. Usikohoe."

Duka la fundi Jaffar lilikuwa chumba kimoja chini ya ghorofa. Redio zilizokufa zimepangwa mpaka darini. Fundi mwenyewe, kofia ya vito, miwani imefungwa kwa uzi, alikuwa katikati ya duka akimhubiria mteja wake.

Mteja alikaa kwenye kigoda. Buibui jeusi. ThinkPad iko mbele yake juu ya meza, betri yake iliyokauka imetolewa kando, chaja imechomekwa ukutani.

Kioo kinawaka.

"Karibu mamangu," fundi alimwambia Zakiya. "Ngoja nimalize na huyu. Nalikuwa namwambia, chaja hizi za siku hizi, upuuzi mtupu. Hino ya kwangu ina miaka kumi."

"Sina haraka, fundi."

Zakiya aliketi. Kati yake na Bi Swafia alikaa fundi. Akipiga risasi, atampata mzee. Naye Bi Swafia alikuwa na mkono mmoja juu ya vitufe na mwingine ndani ya buibui.

"Pole kwa msiba," Zakiya alisema taratibu, sauti ya kizee. "Nimesikia barazani."

"Nishapoa," Bi Swafia alijibu. Hakugeuka.

"Fundi, ongeza kasi ya feni, joto," Zakiya alisema. Fundi alipoinuka kuigusa feni, Zakiya alikiona kioo.

Nambari ya kontena. Mwisho wake: saba, saba, moja, nne. Na chini yake mstari wa kijani wa kupeleka amri kwa mashine ya bandarini, unatambaa. Nusu yake umejaa.

Zakiya aliupeleka mkono kikapuni. Kigoda cha Bi Swafia kikalia. Mwanamke alikuwa amegeuka nusu, na macho yale mawili juu ya nikabu yalikuwa yakikitazama kikapu, si uso.

"Shoga, wanunua nini?"

"Natengenezesha simu."

"Itoe tuione."

Fundi aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Mstari wa kijani ulikuwa umepita nusu. Robo imebaki. Nje hapakuwa na sauti hata ya paka.

Kisha, juu ya mapaa, adhana ya adhuhuri.

Fundi Jaffar aliinuka papo hapo. Alivua miwani. "Haya mabibi, nafunga. Swala."

"Dakika mbili tu, mjomba," Bi Swafia alisema haraka.

"Hizo mbili utanipa wewe kesho akhera?"

"Nitakulipa mara mbili!"

"Sikiza, mwanangu. Duka hili marehemu babangu akilifunga ikiadhiniwa. Umeme akizima, moto usije ukatukuta msikitini. Mimi sitabadilisha leo kwa ajili ya chaja."

Akanyoosha mkono ukutani.

Tak.

Feni ikalegea. Taa zikazima. Kioo cha ThinkPad kikawa cheusi.

Bi Swafia alitoa tusi ambalo mjane yeyote angelitubia. Mkono ukachomoka ndani ya buibui, na ndani ya mkono bastola ya Makarov. Lakini Zakiya hakuwa akitazama kioo. Tangu adhana alikuwa akiutazama mkono ule. Alikinyakua mezani chuma cha fundi cha kulehemu, bado cha moto, akakigandamiza kwenye kifundo cha mkono ule.

Mwanamke alipiga ukelele. Bastola ikagonga sakafu. Fundi akajitupa chini ya meza akisoma shahada kwa sauti.

Goti mgongoni. Uso ubaoni. Chaja ya miaka kumi ikazungushwa mikononi, mara tatu, ikakazwa.

"Chaja yangu!" fundi alilia huko chini.

"Samahani, mzee wangu."

Zakiya alibonyeza sikio.

"Sindano. Mzigo uko kwangu. Kontena ni saba, saba, moja, nne. Mstari haukujaa."

"Rudia."

"Saba. Saba. Moja. Nne."

Muungurumo wa malori kwa mbali. Mtu anapiga kelele. Honi ndefu. Kisha hakuna kitu, na Zakiya alisimama pale gizani akimsikiliza mwanamke akihema chini ya goti lake.

"Wewe n'nani?" Bi Swafia aliuma meno.

Zakiya alivua nikabu.

"Jirani yako. Niliyekuja kukupa mkono wa pole." Alimnong'oneza karibu na sikio. "Mimi eda yangu niliikaa Tononoka. Mwezi kwa mwezi. Sikujua kama kuna watu huivaa kama koti la mvua."



Sikioni, Chengo alirudi. Alikuwa anahema.

"Tumelisimamisha. Limefunguliwa. Vigae safu ya kwanza tu."

"Na nyuma?"

"Usiniulize kwenye redio." Akashusha sauti. "Dereva tumemshika. Nimemtajia jina la Kahindi."

Zakiya alikibana kidude sikioni.

"Hakukana, Zakiya. Alikaa chini barabarani akaanza kusema. Mpaka sasa anasema."

Zakiya alishika ukingo wa meza.

"Alhamdulillahi."

Askari kanzu wawili waliingia, wakamwinua mwanamke. Khubaib alichungulia mlangoni, jasho limemlowesha kanzu. Alimsaidia fundi kutoka chini ya meza, akamfuta vumbi, asijue aombe radhi kwa nani kwanza.

Zakiya aliikunja ThinkPad, akaifunga kwa leso, akaitia kikapuni.

"Chengo anataka ripoti sasa hivi," askari mmoja alisema.

"Mwambie baada ya swala."

Alitoka kichochoroni. Wanaume walikuwa wakipita mbio na kofia mkononi. Swala ya jamaa ilikuwa imeanza. Khubaib alimfuata nyuma, mpaka mlango wa wanawake, akasimama hapo kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

"Dada," alisema kwa unyonge. "Nikushikie kikapu, uswali kwa raha?"

Zakiya alimtazama tu.

Viatu aliviacha nje. Kikapu aliingia nacho.