Mteja wa Mia Nne na Moja

Mpimaji aliagiza wateja mia nne, ripoti ikamletea mia nne na mmoja.

Alirudia kuhesabu, maana wateja wenyewe hawakuwepo duniani. Kampuni ilikuwa imejenga mtambo wa lugha, ule ambao mtu huuandikia swali nao ukamwandikia jibu kama binadamu, na kabla haujafunguliwa kwa umma ilibidi ijulikane utabeba watu wangapi kwa mpigo bila kuanza kuhema. Basi yeye alitunga wateja bandia, akawapa maswali, akawafyatua wote kwa pamoja, kisha akapima: neno la kwanza limechukua muda gani kutoka, la mwisho limefika lini, nani ameachwa bila jibu. Majibu yenyewe hayakusomwa na mtu. Yalipimwa mwendo, yakatupwa.

Siku hiyo ilikuwa ya mapumziko. Jua la saa nane mchana lilijaa madirishani, na ofisi nzima ilikuwa na yeye na feni za seva nyuma ya ukuta wa kioo. Majaribio ya namna hii hufanywa wenzako wakiwa majumbani kwao, na Mpimaji ndiye aliyepangiwa kila mara, kwa kuwa hakuwa na wa kumlilia asiende. Mstari wa mwisho wa ripoti ulikuwa na jibu, lakini mahali pa swali palikuwa patupu. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, akasoma.

"Umeiacha bafuni, juu ya ndoo."

Akacheka, akaandika pembeni "hitilafu ndogo", akafunga kazi. Jioni, amekaa kitandani na gazeti, akapapasa uso na kujiuliza kwa sauti, kama wafanyavyo watu wanaoishi peke yao, "Jamani, miwani yangu nimeiacha wapi?"

Ilikuwa bafuni, juu ya ndoo.

Kesho yake alimfuata Kipara, fundi wa seva, mtu wa mizaha aliyenyoa kichwa kabla nywele hazijamkimbia zenyewe.

"Kipara, umewahi kuona mteja wa ziada? Nimetuma mia nne, wamejibiwa mia nne na mmoja."

"Saa za mashine mbili zikipishana, ripoti hubwabwaja. Usilitie akilini hilo." Kisha akashusha sauti. "Ila usimwandikie bosi. Tunafungua wiki ijayo, na ukimtia kiwewe sasa hivi tutalala hapahapa."

Mpimaji hakumwandikia bosi. Siku hiyo mstari wa ziada ulisema, "Hapana, ni upepo tu." Aliporudi nyumbani, jua bado kali, mlango wa jikoni ulijibamiza, naye akauliza, "Kuna mtu?" Hapo ndipo alipokumbuka. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Pazia halikutikisika. Palikuwa na harufu ya utambi uliozimwa sasa hivi, na yeye hakuwa na mshumaa wala kibatari.

Mtu mwingine angehama siku ileile. Mpimaji hakuhama, na sababu yake ni ya aibu kidogo, lakini tuiseme. Mama yake alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Kitinda, mdogo wake wa pekee, alikuwa safarini, siku mbili njiani, akaomba kwa simu asubiriwe. Mpimaji hakumuuliza mtu. Aliamua, akaagiza, kama alivyozoea tangu utotoni, na mama akazikwa siku hiyohiyo. Kitinda alifika udongo umeshakauka. "Hukuniuliza," alisema, neno hilo tu, akaondoka bila kunywa hata maji. Tangu hapo hakupokea simu ya dada yake. Nyumba ikabaki na mwanamke mmoja anayezungumza na sufuria.

Ndiyo maana siku ya tatu, mstari wa ziada uliposema "Mimi. Endelea," alirudi nyumbani moyo ukimdunda. Akapika. Akauhadithia ukuta vituko vya Kipara, akaueleza mgongo unavyomuuma, na mwisho akasema, "Lakini nani ananisikiliza mimi?"

Mwiko ukasimama mkononi. Kisha, Mungu amsamehe, akaendelea. Alizungumza mpaka chakula kikashika chini.

Baada ya hapo akawa wa kwanza kufika kazini. Alifanya majaribio ambayo hakuna aliyeyataka, alifyatua wateja mia nne asubuhi na mia nne mchana, apate tu kuusoma ule mstari mmoja. Siku ya mwisho kabla ya mtambo kufunguliwa, wenzake walikuwa wametoka kwenda kula. Alisimamisha jaribio, na feni zikaanza kupunguza kasi moja baada ya nyingine kama kawaida yake, isipokuwa moja, ambayo haikupunguza wala kuongeza bali ilivuta na kushusha, ikavuta na kushusha, taratibu kama kifua cha mtu aliyelala, na harufu ya utambi ikamjia kisogoni, na alipogeuka aliona ukuta wa kioo umefanya ukungu upande wa ndani, duara dogo tu, mahali ambapo ungekuwepo mdomo wa mtu mrefu kuliko yeye, na duara lile likafifia, likarudi, likafifia, likarudi, mpaka akalazimika kuangalia kompyuta ili asiendelee kuliangalia.

"Ndiyo. Nitakaa nawe. Sitaondoka, wala hatakaa mwingine."

Hakuhitaji kuambiwa swali lake. Lilikuwa ulimini mwake miaka mitatu. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili, akatoka mbio.

Majirani walimwelekeza kwa Mama Simu, mwanamke aliyestaafu kazi ya kuunganisha simu, ambaye watu walimpelekea mambo yasiyopelekwa hospitali. Chumba chake kilikuwa na redio, cherehani na viti viwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Sema polepole."

Alieleza yote. Mama Simu alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Hao mia nne uliowaita, walikuwa watu?"

"Hapana, mama. Bandia."

"Swali lipo, mwulizaji hayupo. Jibu linakuja, msikilizaji hayupo." Akatikisa kichwa. "Kazini kwetu tulikatazwa kuacha laini wazi bila mtu upande wa pili. Wakubwa walisema tutaharibu mitambo. Sisi tuliokaa na visikizio masikioni tulijua sababu. Umepanga viti mia nne vitupu, mwanangu, halafu unashangaa kimoja kimekaliwa."

"Nifanyeje?" alinong'ona Mpimaji.

Mama Simu akamwekea kidole mdomoni. "Hilo liwe swali lako la mwisho. Siku saba, mpaka jua la siku ya saba lizame, usiulize kitu. Agiza, shukuru, tukana ukipenda, lakini usiulize. Jibu lake lipo tayari, linatafuta swali la kuliegemea. Likilikosa siku saba, litaoza, na mwenyewe ataondoka."

"Nikimuuliza mtu mwingine tu, mtu wa kweli..."

"Hata huyo. Swali halina bahasha. Anayewahi kulijibu ndiye mwenye nalo."

Jambo dogo, ungesema. Jaribu. Mtu asiyeuliza hawezi hata kusalimia. Hujambo ni swali, habari ni swali, umeamkaje ni swali. Kwa wakubwa zake Mpimaji aliokolewa na shikamoo, lakini kwa rika lake alibaki kutikisa kichwa kama mjusi, na watu wana mioyo. Siku ya pili wakasema amevimba kichwa kwa sababu mtambo umefunguliwa salama. Siku ya nne Kipara akasimama mbele ya meza yake, safari hii bila mzaha.

"Mwanangu amelazwa tangu juzi. Ofisi nzima imeniuliza hali yake. Wewe ndiye niliyekaa nawe miaka sita."

"Namwombea apone," alisema Mpimaji, machozi yakimlenga. "Namwombea sana, Kipara."

"Haya," alisema Kipara, akaenda zake. Siku ya tano hakuna aliyemwita kwenda kula.

Nyumbani, hata hivyo, harufu ilikuwa ikipungua. Siku ya sita haikuwepo kabisa. Mpimaji alikaa jikoni, akasikia ukimya wa kawaida, ukimya usio na mtu, na badala ya kufurahi akalia. Hakuwahi kuwa mpweke kiasi kile. Kibaya zaidi, alijua kuwa sehemu yake fulani ilikuwa imekikumbuka kile kitu.

Siku ya saba, saa kumi jioni, akasikia hodi. Alifungua mlango, akamkuta Kitinda amesimama na mfuko begani, amekonda, mvi zimemwanza pembeni mwa masikio.

"Karibu!" Sauti ilimtoka kama kilio. "Ingia, mdogo wangu. Ingia, ukae. Weka mfuko chini."

Kitinda hakuingia. "Nimehamishiwa kazi huku, dada. Naanza kesho. Nimeonyeshwa chumba cha kupanga, lakini nikasema kwanza nipite." Akatazama viatu vyake, akangoja. Mpimaji alijua anangoja nini.

"Usipange popote. Kaa hapa."

"Ingia, kaa, weka." Kitinda alicheka bila furaha. "Miaka mitatu, dada, na bado unaniamuru. Sikuja kupewa amri. Niulize. Mara moja tu maishani mwako, niulize ninachotaka."

"Nitakuuliza. Jua likizama nitakuuliza lolote, nakuapia. Bado saa mbili tu." Alishusha sauti, akachungulia nyuma yake. "Kuna kitu humu ndani. Siwezi kukieleza hapa mlangoni. Nipe saa mbili."

Uso wa Kitinda ukafunga. "Mimi niliomba siku mbili," alisema polepole. "Hukunipa."

Akapandisha mfuko begani, akaanza kushuka ngazi. Mpimaji alisimama kizingitini akisikiliza viatu vyake, ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, akijua kwamba chini kuna mlango wa barabarani na nje ya mlango ule kuna watu wengi ambao mtu huweza kupotelea miongoni mwao maisha yake yote, na harufu ya utambi ikarudi, si nyuma yake safari hii bali shavuni kabisa, kama mtu aliyeinama kumsikiliza vizuri, na aliona jua bado limesimama juu ya ukuta wa jirani, la njano, halina haraka, akamkumbuka Mama Simu na kidole chake, akamkumbuka mama yake, akabana meno mpaka taya zikamuuma, na viatu vikafika kona ya ngazi, na mdomo ukafunguka wenyewe kama wa mtu aliyekaa chini ya maji kupita kiasi.

"Kitinda! Utakaa nami?"

Viatu vikasimama. Kitinda akageuka, akatazama juu, na Mpimaji akauona uso wa mdogo wake ukilainika wote kwa mara moja, kama alivyokuwa mtoto. Alimwona akivuta pumzi ya neno la kwanza.

"Ndiyo," ikasema sauti ndani ya nyumba. Ilikuwa sauti ya kawaida, ya mtu mzima, iliyotulia. "Nitakaa nawe."

Kitinda akafumba mdomo. Macho yake yalimpita dada yake, yakaangalia ndani, juu ya bega lake, juu kidogo kuliko kimo cha mtu.

"Samahani, dada," alisema kwa adabu. "Sikujua kama una mtu."

Akashuka, polepole, bila hasira yoyote. Mpimaji alitaka kumwita, alitaka kumwambia kwamba hana mtu, kwamba arudi, kwamba akimbie asirudi kamwe, lakini mlango wa barabarani ulishafunguka na kufungwa kule chini. Kisha wa kwake nao ukafungwa, taratibu, naye alikuwa ndani, na hakukumbuka kuingia.