Mayai ya Shule na Maksai wa Mzee Werema

Kila asubuhi, kabla kengele ya mstarini haijagongwa, Hyasinta aliingia stoo ya shule kugeuza mayai. Alikuwa darasa la sita katika shule moja ya Suguti, na ndiye mwenyekiti wa klabu ya ufugaji. Mayai yalikaa ndani ya mashine ya kutotolesha, sanduku lenye mlango wa kioo linalotumia umeme kuyapa mayai joto kama la kuku anayeatamia. Hyasinta aliyageuza moja moja, akasoma kipimajoto, kisha akakimbilia mstarini.

Asubuhi hiyo hakuwa na haja ya kusoma kipimajoto. Taa nyekundu ya mashine ilikuwa imezimika.

"Tena!" alisema, akapiga mguu chini. "Hawa watu wa umeme wana shida gani na sisi?"

Hasira yake ilikuwa na sababu. Mayai ya kwanza yaliharibika yote kwa sababu ya umeme kukatika ovyo, na stoo ilinuka mpaka walimu wakahamisha chaki. Sasa Mratibu Elimu Kata alikuwa ametamka wazi kwamba mayai haya nayo yakiharibika, mashine itapelekwa shule nyingine. Na zilibaki siku chache tu vifaranga waanze kutoboa maganda.

Mwalimu Faustine, mlezi wa klabu, alipiga simu ya dharura. Mafundi wakaja, wakabadilisha fyuzi, umeme ukarudi kabla mayai hayajapoa sana. Hyasinta hakuwashukuru. Aliwatazama wakipanda gari lao, akamnong'oneza rafiki yake Chrispin, "Utaona. Jioni utazima tu."

Kweli, jioni ulizima. Ila safari hii Hyasinta aliona kwa macho yake kilichouzima.

Karibu na kwao palikuwa na nguzo ya umeme. Waya mnene wa chuma ulitoka juu ya nguzo hiyo kwa mshazari na kuzama ardhini, ukiishikilia isiinamie upande. Baba yake, Mzee Werema, alikuwa na mazoea ya kumfunga hapo Sajenti, maksai wake wa kulimia, na asubuhi Hyasinta ndiye aliyemfungua. Vigingi vya miti huliwa na mchwa, bali waya wa chuma hauliwi. Nusu ya kijiji walifanya hivyo hivyo kwenye nguzo zilizo jirani nao: huyu mbuzi wake, yule kamba ya kuanikia nguo.

Sajenti alikuwa anawashwa. Aliegemeza shingo kwenye waya, akajikuna kwa nguvu zote alizopewa na Mungu. Nguzo ikatikisika. Kule juu nyaya mbili zikayumba, zikagusana, cheche zikaruka! Redio iliyokuwa inaimba kwenye mashine ya kusaga ikanyamaza ghafla.

Hyasinta alibaki mdomo wazi. Siku zote alikuwa akiwalaumu mafundi, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Alikimbia nyumbani, akamkuta baba yake anakaza nati za plau.

"Shikamoo, baba. Sajenti ndiye anayezimaga umeme!"

"Marahaba." Mzee Werema alicheka. "Umeme uko juu, ng'ombe yuko chini. Wanakutanaga wapi?"

"Anajikuna kwenye waya, nguzo inatikisika, nyaya zinagusana. Nimeona mwenyewe."

"Mimi namfungaga pale tangu nguzo imekuja. Waya wenyewe mnene kama kidole gumba! Ng'ombe huyo ndiye analima, unakula, unavaa sare. Leo unamshitaki?"

"Lakini baba, mayai yetu..."

"Mayai ni ya kuku, siyo ya umeme. Nenda kampe Sajenti maji."

Hyasinta alitoka amevimba kwa hasira, machozi yakimlenga. Alikuwa na ukweli mkononi na hana wa kumpa. Kuzungumza na baba yake juu ya Sajenti kulikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

Umeme ulirudi baada ya muda mfupi, lakini usiku huo mvua kubwa ilinyesha. Kulipokucha, nguzo ilikuwa imeinama kuelekea njia ya shule, na ule waya wa kuishikilia ulining'inia umelegea. Bahati nzuri, Sajenti alikuwa amerudishwa zizini kwa sababu ya mvua. Watu walikusanyika. Mwalimu Faustine aliwasogeza wanafunzi mbali, akapiga simu tena.

Safari hii alikuja Fundi Gloria na wenzake. Kwanza walikata umeme wa laini nzima. Kisha Gloria akachuchumaa, akaonyesha ardhi iliyochimbuliwa na kwato.

"Huyu mnyama amevuta waya mpaka shina lake lililozikwa ardhini limelegea," alisema. "Nguzo haina wa kuishika. Umeme siwashi mpaka tuisimike upya. Labda kesho jioni."

"Kesho jioni!" Hyasinta alipiga kelele. "Mayai yatakufa!"

"Mwanangu, nikiwasha hivi nguzo ikalala, itamkuta nani njiani? Na hata huu waya wa chini unaweza kushika umeme. Ukiugusa siku hiyo, hakuna cha kuuliza tena." Gloria aliwageukia watu. "Nani huwa anaugusa akimfungua huyo ng'ombe hapa?"

Kila mtu alijua maksai ni wa nani, lakini nani angemtaja mzee wa watu hadharani?

"Ni mimi," alisema. "Kila asubuhi, kabla sijaenda shule."

Mzee Werema alimtazama binti yake, akautazama ule waya.

"Maksai ni wangu," alisema hatimaye. "Jana mtoto aliniambia. Nikamcheka." Kisha akamgeukia mwalimu. "Hayo mayai yanataka nini?"

"Joto, mzee."

"La mashine tu, au hata la kuku?"

"La kuku ndilo lenyewe hasa!"

Mzee Werema akachukua kapu, akatandika blanketi lake mwenyewe, wakaenda stoo ya shule wakayapanga mayai ndani. Yeye na Hyasinta wakaanza kupita nyumba hadi nyumba kutafuta kuku wanaoatamia.

"Kuku ninaye," alisema Bibi Susana, jirani yao. "Ila hawa watu wa umeme wamezidi!"

"Siyo watu wa umeme, mama. Ni maksai wangu. Nilimfunga kwenye waya, akalegeza nguzo."

Bibi Susana alicheka mpaka akashika ukuta. Nyumba ya pili lalamiko lilikuwa lile lile, na jibu lile lile. Hyasinta alidhani angefurahi kumsikia baba yake akikiri, lakini kila alipokiri, yeye ndiye aliyeona aibu. Nyumbani kwa Mzee Enoka hawakuchekwa. Enoka aliwapa kuku wawili, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi anavuta mbuzi wake aliyekuwa amemfunga kwenye waya wa nguzo.

Nguzo ilisimikwa, umeme ukarudi, na mayai yakarudishwa kwenye mashine. Si yote yaliyoanguliwa, lakini mengi yalianguliwa, na mashine ikabaki shuleni. Siku vifaranga walipotoka, Mwalimu Faustine alimwalika Mzee Werema aseme na wanafunzi. Alisimama mbele yao, kofia mkononi.

"Zizi langu nimelizungushia miiba, kwa sababu ng'ombe ni wangu," alisema. "Nguzo nilisema ina wenyewe, wako huko mjini. Kumbe wenyewe ni sisi. Mkiona mtu anafunga mnyama kwenye nguzo, anachimba udongo wa matofali pembeni yake, au anakata waya akauze, msimsogelee, mkimbie mkamwambie mtu mzima. Mkubwa akiwacheka, mwambieni na mwingine. Mimi nilicheka, na mkono uliokuwa unafungua kamba pale kila asubuhi ulikuwa wa mwanangu."