Mama Afungua Begi

Mama alikuwa fundi cherehani, tena fundi kwelikweli. Uzeeni miguu ikalegea, macho yakapungua nguvu. Kuishi peke yake ikawa hatari. Watoto wake watatu wakakaa kikao. Kila mmoja alimtaka kwake, maana wote walimpenda. Mwisho wakakubaliana atakaa kwa zamu. Mwezi mmoja kwa binti yake mwalimu, mwezi mmoja kwa mwanawe kinyozi, mwezi mmoja kwa kitindamimba, dereva wa lori.

Basi Mama akawa mtu wa begi. Akianza kuzoea kitanda, zamu imekwisha. Nguo hakuzitoa hata begini. Azipange za nini? Jamani, mzazi anahamishwa kama viti vya kukodi, na watoto wanajiona wamefanya jambo la maana!

Haukupita muda mrefu, Mama akaanza kupotea ndani ya nyumba. Akitafuta choo, anafungua kabati. Siku moja alianguka kwenye ngazi za kwa mwalimu, akaumia nyonga. Bahati nzuri hakuvunjika. Watoto wakaingiwa na hofu. Wakanong'ona kwamba akili imeanza kumtoka, apelekwe tu makao ya wazee. Mama aliwasikia. Masikio yake yalikuwa mazima. Ilimuuma sana rohoni kuona anapangiwa maisha kama hayupo.

Zamu ya kinyozi ilipofika, aliwaita ndugu zake, akamwita na muuguzi wa mtaa. Muuguzi alikaa na Mama kwanza. Wakazungumza habari za ushonaji, na Mama akamtajia wateja wake wa zamani mmoja mmoja, hadi aliyekuwa na kitambi. Kisha muuguzi akamwomba amwonyeshe choo. Mama akainuka, akakata kushoto, akagonga ukuta.

"Samahani, mwanangu," Mama akasema. "Kushoto ni kwa mwalimu. Hapa ni kulia."

Muuguzi akawageukia watoto. "Mpelekeni hospitali apimwe macho na kumbukumbu, tusibahatishe. Lakini nyinyi mmempa nyumba tatu za kukariri. Hata mimi ningegonga ukuta."

Akawaeleza kwamba makao ya wazee si kumtupa mtu. Yanamfaa anayehitaji uangalizi usiku na mchana. Mama bado hajafika huko. Anahitaji nyumba moja isiyo na ngazi, vyuma vya kushikilia chooni, taa njiani, na mtu wa kumsaidia kuoga. Mchana anaweza kwenda kituo cha wazee, akapata wenzake. Hali ikibadilika, wakae tena waongee.

"Na yeye mwenyewe," muuguzi akauliza, "mmemuuliza anataka nini?"

Wote wakamgeukia Mama.

"Nitakaa hapa kwa kinyozi," Mama akasema. "Hakuna ngazi, na wateja wanaokuja kunyolewa hapa wana maneno. Nyinyi wawili mtakuja kwa zamu. Miguu yenu bado mizima."

Hospitalini alipewa miwani mipya, na kumbukumbu ikaonekana iko sawa. Dereva akanunua vyuma, akaita fundi wa kuvifunga. Mwalimu huja kumsaidia kuoga, akishindwa, mke wa kinyozi humsaidia. Kituoni Mama anawafundisha wenzake kupinda nguo, na anawagombeza wakikosea. Choo anakwenda mwenyewe, na hajaanguka tena.

Siku vyuma vilipofungwa, Mama alitoa nguo zote, akazipanga kabatini. Begi tupu akampa dereva.

"Chukua, mwanangu," akamwambia. "Msafiri ni wewe."