Chuma cha Mtumba

"Mchuzi umechacha," sauti ilisema kwenye redio ya Motorola. "Narudia, umechacha."

Tatu Mwinyimvua, jasusi wa siku nyingi, alitema mate. Maana yake ilikuwa moja: boksi la vyuma vichafu vya kufungia mifupa limeshatoka Kariakoo, limefika hospitali fulani ya hapa mjini, na kuna mtu amelazwa anasubiri kuwekewa.

"Hospitali gani?"

"Hatujui. Anayejua ni muuzaji, Khalfani mwenyewe."

"Nipo mlangoni kwake."

Daktari Leticia, mtafiti wa maambukizi ya mifupa, ndiye aliyeligundua jambo hili. Wagonjwa wake walivunjika miguu, wakafungwa vyuma, kisha wakaanza kutoka usaha. Hawakujuana hata kwa sura. Lakini kidudu kilichowatafuna mifupa kilikuwa kilekile. Kimetoka wapi? Kwenye vyuma! Kuna mshenzi ananunua vyuma vilivyong'olewa kwenye miguu iliyooza, anavisugua, anaviuza tena. Mwingine anafungwa, naye anaoza. Ptuu!

Ghorofa ya pili, Mtaa wa Kongo. Bastola yake, Glock, ilikuwa chini ya dera.

"Mambo, bosi? Natafuta vyuma vya kufungia mifupa. Vipya."

"Umefika, dada'angu," Khalfani alichekelea. "Hiki hapa kimetoka Ujerumani. Gredi A, hakina doa!"

Gredi A?

Kariakoo nzima inajua kinachopangwa gredi ni mtumba. Viatu, mashuka, sidiria. Kitu kipya ni kipya tu, hakina gredi.

Khalfani naye alishtuka. Ulimi ulikuwa umeshamponza.

Tatu alivuta pazia lililokuwa nyuma ya Khalfani. Jiko la mkaa. Sufuria la pilau. Ndani yake vyuma vilikuwa vinachemka, na vipande vya nyama ya watu vinaelea juu na povu la kijivu. Harufu ilimpanda puani.

"Mwanaharamu wewe!"

Khalfani alipiga teke sufuria. Tatu aliruka maji ya moto, akachomoa Glock. Khalfani alikuwa ameshafika kibarazani.

Akajirusha barabarani.

Kah!

Tatu alishuka kwa ngazi, bila haraka. Khalfani alikuwa chini, kando ya meza ya soksi, mfupa wa mguu umetokeza nje. Watu walikuwa wameshajaa.

Alichuchumaa.

"Boksi liko wapi?"

"Boksi gani? Sijui kitu mimi!"

"Haya. Umevunjika vibaya, kaka. Gari linakuja, litakupeleka hospitali yoyote wanakofunga vyuma."

Khalfani alikodoa macho.

"Popote, afande! Ila siyo kwa Bakili! Nakuomba, siyo kwa Bakili!"

Tatu alibonyeza redio. "Hospitali ya Bakili, Ilala. Simamisheni upasuaji. Sasa hivi!"

Honi za bodaboda. Tatu alisogeza redio sikioni.

"Tumewahi," redio ilijibu. "Mama mmoja, mkaanga samaki wa soko la Feri. Ameshachomwa ganzi. Chuma daktari alikuwa nacho mkononi."

Tatu alishusha pumzi. Aliinuka aondoke.

Khalfani alimshika pindo la dera. "Afande, kwanza waulizeni madaktari! Hicho chuma watakachonifunga mimi kimetoka wapi?"

"Wale waliofungwa vyuma vyako hawakujua hata kwamba kuna kitu cha kuuliza."

Alimng'oa vidole kimoja kimoja, akatengeneza mtandio, akavuka barabara kutafuta sabuni.