Mshale wa Juu Kwenye Karatasi ya Rebeka

Asubuhi hiyo ziwa lilikuwa kimya, ukungu umelala juu ya maji. Rebeka, binti wa miaka kumi na moja, alisimama majini hadi magotini akisuuza sufuria. Baba yake, Mwalimu Mashimba, alimtazama kutoka kibarazani kama mtu aliye ndotoni. Walikuwa wamehamia hapo kutoka Bujora miezi miwili tu iliyopita, na mwalimu alikuwa bado hajashiba kuyatazama maji yale.

Kisha Rebeka akaanza kupata homa za jioni, kikohozi na maumivu ya tumbo. Malaria haikuonekana. Daktari Getruda wa zahanati akaagiza chembe nyeupe za damu zihesabiwe, akasisitiza majibu yarudishwe kwake. Foleni ilikuwa ndefu. Mwalimu akajisomea karatasi palepale kwenye benchi. Eosinofili, aina moja ya chembe nyeupe: asilimia ishirini na mbili. Kawaida: isizidi sita. Pembeni, mshale umeelekea juu.

Miaka thelathini mtu huyu amejaza ripoti za wanafunzi. Kwake namba kubwa ilikuwa habari njema. Tena alikuwa amefundisha mwenyewe kwamba chembe nyeupe ni askari wa mwili. Akaondoka anatabasamu, akamwambia binti amefaulu. Mkewe, Evelina, akauliza kama daktari ndiye aliyesema hivyo.

"Mama Rebeka, mimi kusoma najua," akajibu, karatasi akaichomeka ndani ya Biblia.

Wiki tatu zikapita kama usingizi wa mchana. Homa zilikuja na kuondoka. Rebeka akawa mtu wa kusinzia mkekani, akisema anajihisi anaelea, miguu ina ganzi. Baba akasema ni kukua. Mchana mmoja aliitwa kula, akajaribu kuinuka, akashindwa.

"Baba, miguu siisikii," alisema taratibu, bila kulia.

Wakambeba hadi zahanati, na Daktari Getruda akaisoma karatasi.

"Mwalimu, ukiona askari wamejaa mtaani kwenu, utashangilia au utauliza kuna nini? Eosinofili zikipanda hivi kwa mtoto anayeingia ziwani, tunatafuta minyoo, na kichocho kwanza. Ningempima choo siku ileile. Sasa naogopa kimefika kwenye uti wa mgongo."

Hospitali kubwa ilithibitisha hofu hiyo. Mwalimu alilia mbele za watu, na mimi simcheki. Uchungu wa mtoto haujui elimu. Rebeka alipewa dawa ya kichocho na ya kupunguza uvimbe. Baada ya miezi mingi mguu wa kulia ukarudi. Wa kushoto anauburuta mpaka leo.

"Baba, si ulisema nimefaulu?" alimuuliza siku alipokabidhiwa mkongojo.

FUNZO

Ndugu zangu wa ukanda wa ziwa, majibu ya damu si mtihani wa shule. Eosinofili zikipanda, mwili unapambana na kitu: huenda minyoo, huenda kichocho, huenda pumu au mzio tu. Namba peke yake haisemi ni kipi. Wewe unayejua kusoma, nakusihi kuliko wote: panga foleni, umrudishie daktari karatasi yake. Foleni aliyoikwepa Mashimba ilikuwa ya watu tisa.